Namna ya Kuzielewa Dhana za Msingi za Saikolojia Badala ya Kuzikariri

Kila mwaka hapa Kigoma huwaona wanachuo wapya wa ualimu, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka kidato cha sita, wakianza somo la saikolojia kwa namna ileile: wananakili fasili za Kiingereza kutoka ubaoni na kukesha wakizikariri, hadi wanaweza kuzitoa neno kwa neno. Ukimwomba mmoja wao mfano alioushuhudia mwenyewe, ananyamaza. Ameshika maneno, lakini dhana yenyewe bado hajakutana nayo.

Anza kwa kuiandika kila dhana kwa Kiswahili chako, kana kwamba unamweleza mdogo wako wa darasa la saba, kisha chini yake andika tukio moja ulilolishuhudia. Chukua mfano wa kujifunza kwa kuhusisha vichocheo, yaani vitu vinavyoufanya mwili uitikie. Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa usagaji wa chakula, aliona kuwa mbwa wake walitokwa na mate hata kabla chakula hakijafika kinywani. Nawe usiishie kwa mbwa. Fikiria embe bichi lililokatwa vipande na kupakwa chumvi na pilipili, linauzwa nje ya lango la shule. Yaelekea mate yamekwisha kukujaa mdomoni, ingawa hakuna embe mbele yako. Ukali wa embe ulimini ni kichocheo cha asili, kwa kuwa mate hutoka bila kufundishwa. Sura ya embe, na hata jina lake, ni kichocheo cha kujifunza, kwa kuwa mtu ambaye hajawahi kulionja hatokwi na mate akiliona.

Dhana inayowaangusha wengi ni uimarishaji hasi, ambao karibu kila mwanafunzi huuchanganya na adhabu kwa sababu ya neno «hasi». Jiulize maswali mawili, na uyaulize kwa mpangilio huu: je, tabia imeongezeka au imepungua? Je, kuna kitu kilichowekwa au kilichoondolewa? Ukilala karibu na ziwa wakati wa masika, mbu hukulilia sikioni hadi ushushe chandarua na kukichomeka vizuri chini ya godoro, na kesho yake unakishusha mapema zaidi. Tabia imeongezeka kwa sababu kero imeondolewa, na huo ndio uimarishaji hasi. Adhabu, iwe ya kuongeza maumivu au ya kunyang'anya kitu kinachopendwa, hupunguza tabia. Kwa mwalimu mtarajiwa jambo hili ni zito, kwani atakayelikosea atasimama mbele ya watoto bila kujua anachoimarisha.

Dhana nyingine zinahitaji kufanyiwa jaribio, na hapa ningependa utumie muda. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi, alieleza kuwa mtoto aliye katika hatua ya takribani miaka 2 hadi 7 kwa kawaida hajatambua kwamba kiasi cha kitu hakibadiliki umbo linapobadilika. Omba ruhusa ya mzazi, kisha chukua chupa mbili nyembamba zinazolingana zenye mawese ya kiwango kimoja, na umwache mtoto wa miaka mitano akubali kwa kinywa chake kwamba ni sawasawa. Mimina mawese ya chupa moja kwenye sufuria pana mbele ya macho yake, halafu uulize wapi kuna mawese mengi. Mara nyingi atanyooshea chupa kidole, kwa kuwa ndani yake mawese yamesimama juu. Usimsahihishe; mwulize kwa nini, na uandike jibu lake kama alivyolitamka. Rudia kwa mtoto wa miaka tisa. Usishangae ukikuta mtoto mdogo anayemsaidia mama yake kupima mawese sokoni akijibu sawa mapema, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 1969 kuhusu watoto wa wafinyanzi nchini Meksiko ulionyesha kuwa wanaokua wakishika udongo huwatangulia wenzao katika kuelewa kuwa kiasi cha udongo hakibadiliki. Umri wa Piaget ni makadirio, na mazingira yana sauti.

Kuhusu marudio, fuata wanachosema wanasaikolojia wenyewe. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kwa silabi zisizo na maana, alionyesha kuwa sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema sana baada ya kujifunza. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waligundua kuwa waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, ilhali baada ya wiki moja waliojipima bila kuangalia ndio waliokumbuka zaidi. Kwa hiyo funga daftari jioni ileile uandike unachokumbuka, urudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki.

Mwisho, jizoeze kutenganisha ulichokiona na ulichokidhani. Mwaka 1960 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika Gombe, hapahapa mkoani kwetu, na baada ya miezi ya kuwafuatilia sokwe kwa subira aliona mmoja akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu, akilitoa likiwa na mchwa na kuwala. Jambo hilo lilionekana, likaandikwa. Kwamba sokwe alifikiri au alifurahi ni tafsiri inayokuja baadaye. Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi mitumbwi inaporudi na dagaa, keti pembeni kwa nusu saa, na ugawe ukurasa katika safu mbili. Kushoto andika «kijana ameweka ndoo chini, ameangalia nyuma mara tatu». Kulia andika «huenda anamsubiri mtu». Safu ya kulia ikijaa kuliko ya kushoto, rudi kesho ukaanze upya.