SOMO: Kuchagua injini ndogo ya dizeli unaponunua gari lililotumika

Somo hili ni la anayetafuta gari lililotumika lenye injini ya dizeli ya lita 1.3 hadi 1.9. Watu huzipenda injini hizi kwa kuwa zinakula kidogo na zinavuta vizuri tangu mizunguko ya chini. Kinachoziua mara nyingi ni vitu viwili: oili iliyoachwa ikazeeka, na safari fupi zisizoipa injini nafasi ya kupata moto. Ubovu mwingi utakaousoma hapa chini unarudi kwenye hivyo viwili. Kwa hiyo anza na safari zako, kisha historia ya oili, na jina la injini lije la tatu. Wengi huanza na jina, na hapo ndipo wanapoumia.

Hatua ya 1: Hesabu safari zako

Dizeli nyingi za miaka ya karibuni zina DPF, chujio la masizi linalokaa kwenye ekzozi. Likijaa, kompyuta ya gari inaongeza dizeli ili joto ndani yake lifike takriban nyuzi 600 na masizi yaungue. Kazi hiyo inataka dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Ukizima gari katikati, masizi yanabaki. Si hayo tu: kwenye magari mengi dizeli ya ziada hunyunyizwa ndani ya silinda, na isipoungua inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana gari la safari fupi oili yake hupanda badala ya kupungua. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi, hailindi beringi wala tabo (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini).

Kama safari zako nyingi haziishi hata dakika 15, tafuta dizeli ya zamani ambayo haikuundwa na DPF, au chukua gari la petroli bila kujilaumu. Kama kila wiki una safari ndefu mbili tatu za mwendo wa wastani, endelea na somo.

Hatua ya 2: Zijue injini zenyewe

*1.3 Multijet (cc 1,248, tangu 2003).* Ya Fiat, lakini utaikuta pia kwenye Opel Corsa kwa jina la CDTI na Suzuki Swift kwa jina la DDiS. Ina cheni ya taimingi, inayozungusha kemshafti ili vali zifunguke kwa wakati wake. Sampu yake inabeba takriban lita 3 tu za oili, na hapo ndipo penye siri yake: oili ikiwa kidogo, inachoka haraka. Mwenye gari akisubiri kilomita 30,000 kabla ya kumwaga, cheni inalegea na kuanza kugonga. Ikiruka meno, vali zinakutana na pistoni.

*1.4 HDi (cc 1,398, vali 8).* Ya Peugeot na Citroën, na ipo pia kwenye Ford Fiesta. Nguvu yake ni farasi 68 hivi, haina haraka. Lakini ni rahisi kutengeneza, na nyingi hazina DPF. Kwa anayeanza na dizeli, hii naiweka mbele ya nyingi zenye sifa kubwa kuliko yake.

*1.6 HDi (cc 1,560).* Ndugu yake mkubwa; Ford wanaiita TDCi, na iliingia pia kwenye Volvo na Mazda. Zile za mwanzo za vali 16 zina ugonjwa unaojulikana. Washa (pete) za shaba chini ya nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli, zinavuja, gesi ya moto inapanda, oili inageuka kaa. Kaa hilo linaziba chujio dogo lililomo kwenye bomba la oili la tabo, na tabo inakufa kwa kukosa oili. Zilizokuja baadaye zina vali 8 na zimetulia zaidi.

*1.5 dCi (cc 1,461, tangu 2001).* Ya Renault, na utaikuta kwenye Nissan na Dacia nyingi. Inatumia mkanda wa taimingi. Za miaka ya mwanzo zina mambo mawili: beringi za konrodi zinazolika mpaka injini ikanoki, na pampu ya dizeli ya Delphi inayomwaga chenga za chuma kwenye mfumo wote wa dizeli. Za miaka ya baadaye ni injini nzuri, mradi oili ilimwagwa mapema.

*1.4 D-4D (cc 1,364).* Ya Toyota, yenye cheni na bloku ya alumini. Imara, lakini usiichukulie kama haichemki. Alumini ikichemka mara moja vibaya, silinda hedi inapinda.

*1.9 TDI (cc 1,896).* Ya Volkswagen. Zenye pampu ya dizeli ya kuzunguka ni za zamani na ngumu kuua. Zilizofuata, ambazo kila silinda ina pampu yake pamoja na nozeli, zinataka oili ya kiwango cha VW 505.01 au 507.00. Ukiweka oili isiyo yake, kemshafti inalika.

*1.5 Skyactiv-D (tangu 2014).* Ya Mazda, kompresheni 14.8 kwa 1, chini kuliko dizeli nyingi. Ina mvuto mtamu, ila safari fupi zinajaza masizi kwenye manifoldi ya hewa mpaka njia inabaki nyembamba. Hii ni ya mtu wa barabara ndefu.

Hatua ya 3: Fika injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, ahirisha, kwa sababu dizeli ikipata moto inaficha karibu kila ugonjwa.

Kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha oili. Weusi usikutishe, oili ya dizeli inakuwa nyeusi ndani ya siku chache. Angalia kimo: ikiwa juu ya alama ya mwisho na inanuka dizeli, DPF inahangaika. Kisha fungua mfuniko wa oili uutazame kwa ndani. Utando mwembamba mweusi ni kawaida. Tope zito unaloweza kulikwangua kwa ukucha ni oili iliyozidisha muda.

Toa kava ya plastiki juu ya injini, umulike kwa tochi mahali nozeli zinapozama. Panapaswa kuwa pakavu, pengine na vumbi. Ukiona kitu cheusi kigumu kinachong'aa kama lami iliyoganda kuzunguka shina la nozeli, washa imevuja siku nyingi. Kwenye 1.6 HDi ya vali 16, hicho peke yake kinatosha kukurudisha nyumbani.

Sasa washa. Subiri taa ya hita plagi (zinazopasha silinda) izime, piga stata mara moja. Injini nzima inashika ndani ya sekunde mbili. Sikiliza sekunde tano za kwanza: mlio wa minyororo upande wa taimingi unaoisha oili ikipanda unaashiria cheni iliyolegea au taita yake (kinachoikaza) iliyochoka. Mlio wa "chuf, chuf, chuf" unaofuata mizunguko ni gesi inayopenya chini ya nozeli.

Moshi nao una lugha yake. Mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli, kisha ukaisha, mara nyingi ni hita plagi. Usipoisha, fikiria nozeli au kompresheni. Wa buluu ni oili. Mweusi mzito ukikanyaga ni hewa kidogo au dizeli nyingi: bomba la tabo lililopasuka, vali ya EGR (inayorudisha gesi ya ekzozi ndani ya injini) iliyokwama wazi, au nozeli inayomwaga.

Injini ikiwa na dakika tatu tu tangu kuwaka, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa tayari mgumu kama jiwe wakati maji bado hayajapata moto, gesi inaingia kwenye maji. Gasketi ya hedi imekwisha au hedi ina ufa.

Hatua ya 4: Skana na nozeli

Usinunue dizeli ya nozeli za umeme bila kuipima kwa skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari). Soma presha ya reli, bomba linalogawa dizeli kwa nozeli: injini nyingi zikiwa sailensi (zikinguruma bila kukanyagwa) na moto wake hukaa kati ya bar 220 na 350, na haipaswi kuyumbayumba. Soma pia namba za marekebisho ya kila nozeli. Nozeli moja ikiwa mbali sana na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa, hata kama gari linatembea vizuri.

Kipimo kingine ni cha chupa: mipira ya dizeli ya kurudi inachomolewa, kila nozeli inawekewa kichupa chake, injini inanguruma dakika mbili tatu. Vichupa vijae karibu sawa. Kinachojaa mara mbili ya vingine kinaonyesha nozeli inayovuja ndani. Usifanye hivi kwenye nozeli za piezo (aina inayofunguliwa kwa fuwele ya umeme). Hizo zinahitaji presha kwenye njia ya kurudi. Na kamwe usilegeze bomba la presha kubwa injini ikiwaka. Dizeli ya zaidi ya bar 1,000 inapenya ngozi kama sindano, na jeraha dogo kama la mwiba linaweza kumpotezea mtu mkono.

Kuhusu DPF, ingiza kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa ekzozi. DPF nzima inaacha kitambaa karibu safi. Kikitoka na masizi mazito, chujio limepasuka au limetobolewa.

Hatua ya 5: Endesha

Nusu saa, si kuzunguka mtaa. Tumia gia ya nne kutoka mizunguko 1,500 na ukanyage taratibu mpaka 3,500. Mvuto upande bila kukatika. Ukifika mahali nguvu zinaisha ghafla na taa inawaka, tabo au bomba zake zina kasoro. Ukirudi, acha injini sailensi, geuza mfuniko wa oili juu chini na uulaze kwenye tundu lake. Ukitetemeka tu, sawa. Ukirushwa, ringi zimekwisha. Mwisho zima injini: mtikisiko mkubwa na kugonga wakati wa kuzima mara nyingi ni flaiwili ya vipande viwili, na hiyo hubadilishwa pamoja na klachi.

Hatua ya 6: Kazi za mwanzo

Toa kwenye bei kabla ya kulipa: oili na filta zote, na mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji kama hakuna uthibitisho wa maandishi. Baada ya hapo, mwaga oili kila kilomita 7,500 hadi 10,000, hata kitabu kikisema 30,000.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kazini kwangu ni kilomita 6 tu. Nimepata 1.5 dCi yenye DPF, safi kabisa. Nikilipeleka barabara kuu kila Jumapili haitoshi?

Jibu: Ndugu, safari moja ya dakika 40 kwa wiki inaweza kulisaidia chujio, lakini haiondoi dizeli yote iliyoingia kwenye oili katika zile siku nyingine sita. Ukilazimika, pima oili kila wiki, na ikipita alama ya juu imwage bila kungoja kilomita. Ushauri wangu ni petroli.

Swali: Fundi wangu kafungua filta ya dizeli ya gari ninalotaka, kakuta kitu kama unga wa fedha unaong'aa. Muuzaji anasema atabadilisha pampu. Nikubali?

Jibu: Usikubali, kaka. Pampu imejisaga, na chenga zake tayari zimo kwenye reli, nozeli zote nne, mabomba na tangi. Ukiweka pampu mpya peke yake, chenga zilizobaki zitaharibu nozeli, na zile zilizo tangini zitairudia pampu. Tengenezo sahihi ni pampu, reli, nozeli na mabomba kubadilishwa, na tangi kuoshwa. Kwa gari dogo la zamani gharama hiyo hukaribia bei ya gari lenyewe.

Swali: Shukrani kwa somo. Je, ya cheni si bora kuliko ya mkanda, maana cheni haibadilishwi?

Jibu: Dada, hapo wengi wanadanganyika. Mkanda una ratiba, unajua lini unautoa. Cheni haina ratiba, inategemea oili, na ikilegea kazi yake ni kubwa kuliko ya mkanda. Kati ya injini ya mkanda yenye risiti na ya cheni isiyo na historia, chukua ya mkanda.

Swali: Nina 1.6 HDi ya vali 16 tayari. Tabo ilikufa, ikawekwa mpya, ikafa tena baada ya wiki tano. Tabo ilikuwa feki?

Jibu: Huenda ilikuwa nzima. Chanzo hakikuondolewa. Shusha sampu uisafishe pamoja na chujio la mnyonyo wa pampu ya oili, badilisha bomba zima la kupeleka oili kwenye tabo na lile la kurudisha, toa lile chujio dogo kwenye boliti yake, na badilisha washa za nozeli zote baada ya kusafisha makalio yake (mahali zinapokaa). Fungua na intakula (kipoza hewa ya tabo) umwage oili iliyobaki humo, maana injini ikiivuta inaweza kupanda mizunguko yenyewe bila kukanyagwa, na funguo haitaizima. Ikitokea hivyo kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, weka gia ya juu kabisa uachie klachi mpaka izime. Kabla ya kufunga bomba kwenye tabo mpya, elekeza ncha yake kwenye chupa, zungusha injini kwa stata bila kuiwasha, na uhakikishe oili inatoka kwa mkondo, si kwa matone.

Swali: Oili yoyote ya dizeli inafaa?

Jibu: Kwenye gari la DPF, hapana. Tumia ya daraja la ACEA C (oili za majivu kidogo), kwa mfano C2, C3 au C4, kufuatana na kitabu cha gari. Oili za kawaida zikiungua zinaacha majivu mengi, na majivu hayaungui kama masizi. Yanabaki ndani ya chujio mpaka litolewe likasafishwe.