Somo: Kuchagua mfumo wa kufyonza vumbi kwa karakana ya nyumbani

Somo hili ni la fundi mwenye karakana uani au kwenye gereji, mashine mbili tatu na umeme wa fezi moja. Wenye viwanda wana hesabu zao na wakaguzi wao, hao siwagusi.

Maranda yanayorundikana chini ya mashine ya kuranda yanaudhi, lakini hayaumizi sana, utayafagia. Linaloumiza ni vumbi jembamba, lile la chini ya maikroni 10 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ambalo linaelea hewani kwa saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa na linafika ndani kabisa ya mapafu. Kama unadhani karakana yako ni safi, subiri giza liingie, piga msasa kipande cha mninga kwa dakika moja, zima taa, kisha washa tochi ya simu uielekeze pembeni ya uso wako. Utaona unachovuta.

IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua na mashimo yake. Ulaya kikomo cha vumbi la mbao ngumu ni miligramu 2 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane za kazi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 2.7: kikomo hicho ni sawa na gramu 0.1 ya vumbi ndani ya chumba kizima. Mvule nao haungoji miaka. Wengi wetu tunajua unavyowasha macho na ngozi na kuleta mafua, na mwenye pumu humwamsha usiku. MDF, yaani mbao za nyuzi zilizoshindiliwa kwa gundi, ni mbaya zaidi kwa unga wake mwembamba, na gundi yake ina formaldehidi.

Hatua ya 1: Orodhesha mashine kabla ya kwenda dukani

Andika kila mashine inayotoa uchafu, na kipenyo cha tundu lake la kutolea vumbi. Thiknesa (mashine ya kusawazisha unene wa ubao) na randa hutoa maranda mengi na makubwa. Msumeno wa meza hutoa mchanganyiko, na sehemu ya vumbi lake hurushwa juu ya meza kuelekea kifuani kwako. Ruta (mashine ya kuchonga mifereji na kingo) na mashine ya msasa ya mkononi hutoa unga kidogo kwa uzito lakini ndio mbaya kuliko wote. Orodha hii ndiyo itakayokuamulia. Fundi anayefanya kazi za msasa na ruta tu hahitaji dude la feni lenye mifuko miwili, hata kama muuzaji anamshawishi.

Hatua ya 2: Jua aina mbili, hazibadilishani kazi

Ya kwanza ni vakyum ya karakana. Mvuto wake ni mkali, kilopaskali 20 hivi, lakini hewa inayopita ni kidogo, takriban mita za ujazo 200 kwa saa. Inafaa mpira mwembamba wa milimita 27 hadi 36, yaani mashine za mkononi.

Ya pili ni feni kubwa yenye mifuko, inayopitisha mita za ujazo 1,000 hadi 2,000 kwa saa kwa mvuto hafifu, kilopaskali 2 au zaidi kidogo. Inataka njia pana: milimita 100, bora 150.

Ukifunga vakyum kwenye thiknesa, maranda yataziba mpira kabla ubao haujatoka upande wa pili. Ukifunga feni ya mifuko kwenye mpira mwembamba wa mashine ya msasa, hewa haitapita na hutafyonza kitu. Ndiyo maana karakana nyingi zilizokamilika zina zote mbili. Kama pesa ni ya moja tu, nunua ile inayolingana na mashine unayoitumia kila siku.

Hatua ya 3: Hesabu hewa, usihesabu hosipawa

Ili maranda yasafiri ndani ya paipu bila kutuama, hewa iende kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Kwenye paipu ya milimita 100 hiyo ni mita za ujazo 565 kwa saa. Kwenye paipu ya milimita 150 ni 1,270. Kwa msumeno wa meza au thiknesa, 600 hadi 700 zitakuondolea maranda na sehemu kubwa ya vumbi. Ukitaka kukamata vumbi jembamba kwa uhakika, lenga 1,700.

Namba iliyo kwenye boksi mara nyingi imepimwa bila mpira wala mfuko. Ikate nusu ndipo uanze hesabu. Muuzaji akikasirika, ni shauri lake.

Hatua ya 4: Mdomo uwe karibu na meno

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Jaribu kuzima mshumaa kwa kuvuta pumzi badala ya kupuliza: utahangaika mpaka midomo iguse moto. Feni nayo iko hivyo. Ukisogea umbali sawa na kipenyo cha paipu, kasi ya hewa inayovutwa inabaki kama sehemu moja ya kumi. Paipu ya milimita 100 iliyo sentimita 10 kutoka kwenye msumeno ni kama haipo.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine kubwa zaidi, ziba. Msumeno wa meza una nafasi chini ya bamba, nyuma ya mota na kwenye mfereji wa kuinamisha msumeno. Kata plaiwudi, tumia sumaku au skrubu, ziba zote isipokuwa njia ndogo ya kuingizia hewa. Juu weka kifuniko cha msumeno chenye tundu lake la kufyonza. Kazi hii ya siku moja inaweza kukuletea faida kuliko kuongeza hosipawa nzima.

Hatua ya 5: Paipu fupi, pana, nyoofu

Mpira wenye mikunjo huzuia hewa karibu mara tatu kuliko paipu laini ya urefu uleule. Tumia PVC ya maji taka ya inchi 4 au 6, mpira ubaki mita moja ya mwisho. Kona ya nyuzi 90 ifanye kwa elbo mbili za 45. Kila tawi liwe na geti la kufunga, ili hewa yote iende kwenye mashine moja inayofanya kazi. Kama una mashine tatu tu, acha paipu kabisa: weka feni kwenye magurudumu, uihamishe.

Hatua ya 6: Hewa irudi ndani au itoke nje?

Mashine nyingi zinazouzwa zimebuniwa kwa nchi za baridi, ambako hewa ya ndani imepashwa joto kwa gharama, kwa hiyo lazima ichujwe na kurudishwa. Sisi wa Tanga, Mombasa au Dodoma joto tunalikimbia! Ukiwa na ukuta unaoelekea nje, toboa, pitisha hewa kwenye saikloni, yaani chombo kinachoizungusha hewa ili maranda yadondoke ndani ya pipa, halafu itupe nje. Hununui kichujio, hakizibi, na vumbi jembamba halirudi ndani.

Masharti ni mawili. Mdomo wa nje usielekee kamba za nguo za jirani wala dirisha lake. Na acha dirisha au mlango wazi hewa mpya iingie, hasa kama karakana imeungana na jiko la mkaa. Chumba kilichofungwa kitaivuta hewa ya mkaa ije kwako.

Kama huwezi kutoboa, nunua kichujio cha maikroni 1 au chini ya hapo. Mifuko ya kitambaa ya maikroni 30 huzuia maranda na kukupulizia unga mwembamba usoni, tena kwa nguvu. Kwa vakyum, tafuta daraja M, linalozuia angalau asilimia 99.9.

Hatua ya 7: Umeme

Feni ya kilowati 1.5 hula takriban ampea 9 ikishatulia, na mara kadhaa ya hapo inapoanza. Usiiweke soketi moja na msumeno. Vuta waya wake wa milimita 2.5 za mraba wenye breka yake. Ekstensheni iliyokunjwa kama kamba ya mbuzi hupata moto. Matumizi ni kama uniti 2 kwa saa. Ukilalamikia LUKU, washa wakati wa kukata tu na uiache izunguke dakika moja zaidi baada ya kumaliza.

Barakoa bado inabaki, N95 au FFP2. Ndevu zikipita chini ya ukingo wake, hewa nayo inapita.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Mwanza:* Shukrani kwa somo mkuu. Mimi nina feni kubwa ukutani, inatoa hewa nje. Haitoshi?

Inasaidia, ila vumbi linapita puani kwako kwanza ndipo lifike ukutani. Simama wewe upande hewa inakoingia, feni iwe nyuma ya mashine. Hiyo iwe nyongeza, mdomo wa kufyonza uanze kwenye mashine.

*Mwanachama, Nakuru:* Mimi nafanya makabati ya MDF. Nina vakyum, lakini filta inaziba kila baada ya shiti mbili na mvuto unaisha. Ninunue kubwa zaidi?

Hapana. Weka saikloni ndogo ya plastiki juu ya ndoo ya lita 20, kati ya mashine na vakyum. Uchafu mwingi utazunguka na kudondokea kwenye ndoo, filta ipate kidogo. Ndoo iwe ngumu, na mfuniko usivuje hata kidogo. Ukivuja, uchafu unarushwa tena kwenye filta. Filta usiipigepige ukutani, chukua ya kubadilisha. Na nyinyi wa stima ya kukatika-katika: zima swichi umeme ukipotea, usiache mashine zote zirudi kwa pamoja.

*Mwanachama, Arusha:* Ndugu yangu kaniletea feni ya Marekani, volti 110. Nikiweka transfoma itafanya kazi?

Transfoma inabadilisha volti, haibadilishi mzunguko wa umeme. Kule ni hezi 60, hapa 50. Mota iliyokuwa inazunguka 3,450 kwa dakika itazunguka 2,850 hivi. Hewa inapungua karibu moja ya sita na mvuto kama asilimia 30. Mota yenyewe inaweza kupata moto kuliko ilivyokusudiwa. Kama hujailipia, iache. Kama imeshafika, ishike kwa mkono baada ya nusu saa. Ikiunguza, badilisha mota.

*Mwanachama, Kibaha:* Maranda yanayojaa kwenye pipa naweza kuwatandikia kuku?

Ya mbao safi ya msindano, ndiyo, yawe makubwa na makavu. Unga mwembamba unawaumiza mapafu kama wewe. Ya MDF, plaiwudi au mbao iliyotiwa dawa usiwatandikie, na usipikie nayo kwenye jiko la maranda. Pia usiunge grenda ya chuma kwenye mfumo huu: cheche moja ikiangukia kwenye mfuko wa unga inafuka polepole, na moto unautambua usiku watu wamelala. Pipa limwagwe nje kila jioni.

*Mwanachama, Maskati:* Assalaam alaykum fundi. Huku nafanyia kazi ndani na kiyoyozi, nje ni joto la kuua. Nitoe hewa nje kama ulivyosema?

Wa alaykum salaam. Kwako geuza. Feni ya mita za ujazo 1,700 kwa saa inamaliza hewa ya chumba cha mita 4 kwa 5 ndani ya dakika mbili, baridi yako yote itakwenda barabarani. Rudisha ndani, na pesa uliyokuwa unaokoa kwenye kichujio itie huko: kichujio cha mikunjo, eneo pana kadiri utakavyopata, na saikloni mbele yake ili kisizibe. Kiyoyozi chenyewe kioshe vichujio kila wiki, kwa sababu nacho kinavuta hewa ileile.