Diski ya almasi ya grenda, angalia kwanza unakata nini

Wakuu, Dodoma hii ujenzi kila kona na mafundi wengi wananunua diski za grenda, ile mashine ya mkono ya kukatia, kwa kuangalia bei tu. Mawe yetu ya granaiti ni magumu, yanataka diski ambayo chuma kinachoshika almasi ni laini, kilike haraka almasi mpya zitokeze, ila tofali la mchanga na sementi linakwangua balaa, hapo chukua chuma kigumu la sivyo diski inaisha mapema. Tailizi, chukua diski yenye ukingo mzima usio na mapengo. Zege, yenye mapengo ukingoni. Diski ikianza kung'aa na haikati usiikandamize, pitisha mara kadhaa kwenye tofali la mchanga itafunguka, yaani almasi mpya zitatokeza. Na spidi iliyoandikwa kwenye diski isiwe chini ya ile ya grenda, hii msiipuuze jamani, ikipasuka inaua.