Granola isiyo na gluteni, ninavyoitengeneza

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuamini kwamba oti zote ni salama. Oti yenyewe haina gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, ila mara nyingi huchanganyikana na nafaka hizo shambani na kiwandani. Siku hizi nanunua pakiti iliyoandikwa "haina gluteni", yaani gluteni yake haizidi miligramu 20 kwa kilo, kisha nasoma viungo mpaka neno la mwisho. Kimea cha shayiri hupenda kujificha humo. Wachache wenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huwadhuru utumbo, hudhurika hata na oti safi. Hao waiache, watumie lozi na vipande vya nazi.

Nachanganya vikombe 3 vya oti, kimoja cha korosho zilizokatwakatwa, nusu cha mbegu za maboga na chumvi kidogo. Napasha robo kikombe cha mafuta pamoja na theluthi ya kikombe ya asali, namwagia, nakoroga hadi kila punje ing'ae. Naigandamiza kwenye trei, naoka kwa nyuzi 150 dakika 25 hivi, nikigeuza mara moja tu. Hutoka laini, usidhani ni mbichi. Iache ipoe bila kuigusa, ndipo mabonge yashikane. Zabibu kavu huingia mwisho. Niliwahi kuzioka, zikawa kokoto.