Somo: Kutambua Mawingu kwa Umbo, Kimo na Mvua

Utaratibu tunaoutumia kuyapa mawingu majina ulianza mwaka 1802, pale Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, alipoeleza katika mhadhara wake kwamba mawingu, ingawa hayatulii, hurudia maumbo machache tu. Leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linatambua jenasi 10, yaani aina kuu 10 za mawingu. Vitabu vingi huanza na kimo. Mimi nashauri tuanze na umbo, kwa sababu jicho peke yake halina namna ya kupima umbali angani.

Hatua ya kwanza: umbo. Nyuzi nyeupe nyembamba ni sirasi, wingu lililotandaa ni stratasi, na lundo lenye kitako bapa na kichwa kilichofura ni kumulasi. Majina mengine hujengwa juu ya haya.

Hatua ya pili: kimo. Katika ukanda wa tropiki mawingu ya chini hukaa chini ya kilomita 2, ya kati huwa kati ya kilomita 2 na 8, na ya juu kati ya kilomita 6 na 18. Kwa kuwa vimo hivyo vinaingiliana, tumia vidole. Nyosha mkono kuelekea mabonge ya mawingu yaliyo juu angani, wala si yale ya karibu na upeo. Bonge moja likifichwa na kidole cha mwisho, hilo ni sirokumulasi. Likikizidi lakini lisizidi upana wa vidole vitatu, ni altokumulasi. Likizidi vitatu, ni stratokumulasi. Kwa mawingu yaliyotandaa, angalia mwanga, ila usilikodolee jua macho. Pete ya mwanga kulizunguka jua huonyesha sirostratasi, ambayo ni chembe za barafu. Jua likififia hata vitu visiwe na kivuli ardhini, hiyo ni altostratasi.

Hatua ya tatu: mvua. Nimbostratasi ni nene, ya kijivu, na huleta mvua tulivu ya saa nyingi. Kumulonimbasi ndiyo inayostahili uangalifu wetu mkubwa. Huanza kama kumulasi ya kawaida, kisha hewa yenye joto na unyevu huisukuma juu hata kilele kikapita kilomita 15, kikatandaa kwa umbo la fuawe, huku chini yake kukiwa na radi, upepo wa ghafla na pengine mvua ya mawe. Katika Ziwa Victoria hali hii hutokea zaidi usiku na alfajiri, kwa sababu pepo za nchi kavu huvuma kutoka kandokando, zikakutana juu ya maji na kupanda. Na hizo ndizo saa ambazo wavuvi wa dagaa wako ziwani. Gizani umbo halionekani, kwa hiyo mwako wa radi kwenye upeo ndio dalili ya kuelekea nchi kavu mapema.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, ukungu wa asubuhi huku Lushoto nao ni wingu?
Jibu: Marahaba. Kwa asili yake ni sawa na stratasi iliyogusa ardhi. Huitwa ukungu pale mtu anaposhindwa kuona mbali zaidi ya kilomita 1.

Swali: Hapa Moshi tunaona wingu lenye umbo la sahani ambalo halisogei ingawa upepo ni mkali. Ni la aina gani?
Jibu: Mara nyingi ni altokumulasi ya spishi (aina ndogo ndani ya jenasi) ya lentikularisi. Hewa inayopita mlimani hupanda na kushuka kwa mawimbi. Matone huundwa inapopanda na kukauka inaposhuka, hivyo wingu hubaki mahali pamoja ilhali hewa inapita ndani yake.

Swali: Na mistari inayoachwa na ndege?
Jibu: Ikidumu angalau dakika 10, atlasi ya mawingu ya mwaka 2017 huihesabu kuwa sirasi homojenitasi, yaani sirasi iliyotokana na shughuli za binadamu.