Kung'arisha gamba la Turbo mpaka lulu itokeze

Bahari iko mbali na Kisenyi, lakini basi la Mombasa hunishushia kifurushi cha magamba mara kwa mara. Wateja hapa Kampala wakiyaona husema "ensimbi". Siyo. Ensimbi ni kauri, zilizokuwa pesa Buganda, na ndiyo maana Muganda mpaka leo huita pesa hivyo. Hili ni la Turbo, konokono wa baharini aliyejizungusha kama kilemba.

Hatua ya 1: Hakikisha hujauziwa gamba la Trochus, konokono mwingine wa baharini. Lake lina umbo la pia ya watoto iliyopinduliwa, tako bapa. Mdomo wa Turbo ni duara, na kifuniko anachojifungia mdomoni ni chokaa kizito kama kokoto, wakati cha Trochus ni chembamba kama ukucha. Mimi hupenda Turbo marmoratus, mkubwa kuliko wenzake wote: gamba hufika sentimita 20 hivi, kijani lenye mabaka meupe na ya kahawia. Amevuliwa kupita kiasi sehemu nyingi, kwa hiyo nunua magamba makuukuu, usimwagize mtu akakutolee mzima.

Hatua ya 2: Loweka usiku mmoja kwenye maji yenye dawa kidogo ya kung'arisha nguo, kisha suuza. Ukisikia uvundo, kuna nyama imebaki kule ndani. Ichokoe kwa waya uliopindwa.

Hatua ya 3: Ondoa ule ukijani. Hapa ndipo watu huharibu. Gamba langu la kwanza nilililaza kwenye asidi ya kusafishia vigae, nikaenda kunywa chai. Povu lilichemka, na niliporudi gamba lilikuwa na mashimo kama mkate wa kumimina! Chokaa na asidi havikai pamoja. Tumia msasa wa maji: anza na namba 220, gamba likiwa ndani ya beseni la maji, vumbi lake lisikuingie mapafuni. Kijani kitakwisha, kisha utaona lulu yenyewe, tabaka la weupe unaocheza waridi na samawati ukiligeuza kwenye mwanga. Hapo acha namba 220 mara moja. Ukizidisha utatoboa, hasa kwenye mabega ya mizunguko. Endelea na 400, 800, kisha 1500.

Hatua ya 4: Kausha kivulini, paka nta, sugua kwa kitambaa cha pamba.

Kifuniko usikitupe. Upande mmoja umetuna kama jicho, na fundi wa pete atakulipia.