Kuhifadhi Bastola kwa Sumaku Ndani ya Sefu: Mwongozo kwa Wakazi wa Tanga

Vishikio vya sumaku vya bastola vimezoeleka zaidi Marekani, ambako baadhi ya wamiliki huvipachika chini ya meza au ubavuni mwa kitanda ili silaha iwe karibu na mkono. Matumizi hayo sitayaelekeza hapa, kwa sababu sumaku hushika lakini haifungi, na mtoto mwenye nguvu ya kufungua mlango wa friji huenda akaweza kuibandua bastola iliyoning'inizwa hivyo. Nyumba za Ngamiani au Chumbageni ni nadra kukaliwa na mtu na mkewe peke yao. Wamo wapwa, wageni wa siku mbili wanaokaa miezi miwili, na msaidizi wa kazi anayefagia hadi uvunguni. Kwa hiyo, mahali pekee ninapoona sumaku inafaa ni ndani ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa ufunguo na kukazwa ukutani au sakafuni kwa bolti.

Huenda msomaji akauliza kuna haja gani ya sumaku ikiwa sefu ipo. Haja ni kutu. Hewa ya Tanga imejaa unyevu na chumvi ya bahari, hasa kwa wanaoishi upande wa Raskazone, na bastola inayolazwa kwenye zulia la sakafu ya sefu hushika kutu upande uliogusana na kitambaa kilichofyonza unyevu. Ikining'inizwa, hewa huizunguka, na vifuko vya kukausha unyevu vikiwekwa chini yake hufanya kazi vizuri zaidi.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha leseni yako ni hai, kwani umiliki wa silaha nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni hutolewa kwa mtu, si kwa familia. Ufunguo wa sefu, au namba zake, ubaki kwa mwenye leseni.

Chagua sumaku ya neodimiamu iliyofunikwa mpira wote, si ile inayong'aa bila kifuniko. Neodimiamu ina nguvu kubwa, lakini huoza kwa kutu upesi sana hewa ya chumvi inapoifikia, ikavimba na kumeguka kuwa unga. Mpira huikinga, na pia huizuia isikwaruze rangi ya bastola. Kumbuka vilevile kwamba sumaku haivuti plastiki wala aluminiamu. Bastola nyingi za kisasa zina mwili wa plastiki, hivyo sehemu ya kushikwa ni slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma silaha inapofyatuliwa. Ukiegemeza kitako cha plastiki kwenye sumaku, itaanguka.

Jambo linalowapotosha wanunuzi wengi ni uzito ulioandikwa kwenye pakiti. Kilo 20 zinazotajwa hupimwa kwa kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye sumaku, ilhali bastola iliyobandikwa kwenye ukuta wa wima huvutwa kuelekea chini, na kinachoizuia isiteleze ni msuguano tu, ambao ni sehemu ndogo ya nguvu hiyo. Hapa pwani tatizo huongezeka, kwa kuwa slaidi lazima ipakwe mafuta dhidi ya kutu, na mafuta hayohayo huifanya iteleze juu ya mpira. Dawa yake ni rahisi: futa mafuta mahali pale tu slaidi inapogusana na sumaku, kisha funga kijiti cha mninga au mvule chini yake kiwe kama rafu ndogo ya kuikalisha bastola, ili sumaku ibaki na kazi ya kuizuia isidondokee mbele.

Kipachike kishikio kwa skrubu za chuma cha pua. Gundi pekee huachia wakati wa joto la Januari na Februari. Kiweke mbali na kufuli, hasa kama sefu ni ya umeme, kwa kuwa sumaku yenye nguvu huweza kuvuruga mitambo ya kufuli. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asishughulike na sumaku hizi kabisa. Mtutu uelekee ukuta wa nje ulio imara, kamwe si upande wa chumba wanakolala watu. Ukuta wa miti na udongo hauzuii risasi.

Sasa kuiweka. Toa magazini, yaani kikasha cha risasi, vuta slaidi nyuma, tazama ndani ya chemba, yaani mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, na uiguse kwa kidole kuthibitisha kwamba haina risasi. Pitisha kufuli ya waya kwenye tundu la magazini na dirisha la kutolea maganda, kisha uifunge. Slaidi itabaki wazi kidogo, nayo bado itashikwa. Bandika bastola ukiwa umenyoosha kidole nje ya kifyatulio, kwa sababu sumaku huivuta ghafla mwishoni na mkono hushtuka. Risasi ziwekwe kwenye sanduku jingine lenye kufuli yake.

Kwa jaribio, ning'iniza bastola hiyo tupu, funga mlango wa sefu kwa nguvu mara kadhaa, uiache usiku kucha, kisha utazame kama imeteleza. Baada ya hapo, ukague mpira wa sumaku kabla ya masika na baada yake: ukiona ufa, au alama ya kutu ya rangi ya kahawia kwenye slaidi, badilisha sumaku siku hiyohiyo.